Kujifunza kwa Timu katika Mafunzo ya Uuguzi: Mwongozo kwa Wakufunzi

Kujifunza kwa timu ni utaratibu wa ufundishaji ambao wanafunzi hupangwa katika timu zisizobadilika kwa muhula mzima, husoma mada kabla ya kuingia darasani, hupimwa kwanza mmoja mmoja na kisha kwa pamoja juu ya walichosoma, na sehemu kubwa ya kipindi huitumia kutatua tatizo linalofanana na yale watakayoyakuta wodini. Utaratibu huu ulianzishwa na Larry Michaelsen katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, pale darasa lake la masomo ya biashara lilipoongezeka kutoka wanafunzi 40 hadi 120, naye akalazimika kutafuta namna ya kuwafanya watu wengi kiasi hicho wafikiri darasani badala ya kunakili maneno ya mhadhiri. Miaka ya 2000 ulienea katika vyuo vya udaktari na uuguzi. Mkufunzi wa chuo cha uuguzi cha Afrika Mashariki, ambaye mara nyingi husimama peke yake mbele ya ukumbi uliojaa, atalitambua tatizo la Michaelsen bila kuelezwa zaidi.

Kabla ya kuendelea ni lazima utaratibu huu utenganishwe na kazi ya kikundi iliyozoeleka vyuoni. Katika kazi ya kikundi wanafunzi hupewa mada, huigawana vipande vipande, mmoja hukusanya maandishi ya wengine na kuyachapa, wawili husimama kuwasilisha, na wote huandika majina yao kwenye jalada, pamoja na yule ambaye hakufungua hata ukurasa mmoja. Aliyeandika kuhusu dalili za kifafa cha mimba hajui lolote kuhusu magnesiamu salfeti, kwa sababu kipande hicho kilikuwa cha mwenzake. Kazi kama hiyo hufundisha kugawana, nako kugawana ndiko kunakomponza mgonjwa pale muuguzi mmoja anapoona mapigo ya moyo yanapanda, mwingine anaona shuka limelowa, na hakuna anayeziunganisha habari hizo mbili. Kinachowafunga watu kuwa timu ni uamuzi mmoja wanaolazimika kuufanya pamoja huku kila mmoja akiwa na ujuzi wa kutosha kuupinga, na mambo yote yanayoelekezwa hapa chini yamejengwa juu ya msingi huo.

Ushahidi kwamba kazi ya pamoja huokoa maisha haupo mbali na wasomaji wa Kiswahili. Hospitali ya Ifakara, mkoani Morogoro, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani ambako Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo katika hospitali hizo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Orodha hiyo haikuleta dawa wala mashine mpya; iliwataka watu wa chumba cha upasuaji wasimame, watajane majina na kazi zao, na waulizane kwa sauti mambo ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameshayahakiki. Vilevile, utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na zaidi ya wanawake 200,000, ulikuta kwamba damu inayotoka baada ya kujifungua ikipimwa kwa shuka la plastiki lenye alama za ujazo, na hatua zote za tiba zikaanza kwa mkupuo mmoja badala ya kusubiriana, madhara makubwa ya kutokwa na damu hupungua kwa asilimia 60. Hatua hizo ni kusugua mfuko wa uzazi, kutoa oksitosini, kutoa asidi traneksamiki, kuweka dripu, kumchunguza mama na kuita msaada. Mtu mmoja hana mikono ya kutosha kuzifanya zote kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu mada hii itatumika kama mfano katika sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Kuunda timu na kuandaa usomaji

Timu iwe na wanafunzi 5 hadi 7, kwa kuwa timu ndogo kuliko hapo huvunjika wawili wanapokosekana, na katika kubwa kuliko hapo wapo watakaojificha nyuma ya wenzao. Mkufunzi ndiye agawe timu, na agawe mbele ya darasa zima ili pasiwe na manung'uniko ya upendeleo. Njia rahisi ni kuwapanga wanafunzi katika mstari mmoja mrefu, wakianza wale waliowahi kufanya kazi zahanati au hospitalini kabla ya kurudi chuoni kujiendeleza, wakifuatiwa na wale wa jinsia iliyo na wachache darasani, kisha waliobaki, halafu mstari wote uhesabu kuanzia 1 hadi idadi ya timu zinazotakiwa na kurudia tena, ili uzoefu na tofauti nyingine zienee katika kila timu. Wanafunzi wasiachwe wachaguane, kwa sababu marafiki wa bweni moja tayari wana mazoea ya nani husema na nani hunyamaza, na mazoea hayo ni magumu kuyavunja. Timu ikishaundwa isibadilishwe hadi muhula uishe, maana wanafunzi huanza kupingana kwa uwazi baada ya kufahamiana kwa wiki kadhaa, na kuwachanganya upya ni kuwarudisha kwenye adabu ya wageni.

Usomaji wa maandalizi uwe mfupi, kurasa 6 hadi 10 zilizochaguliwa kwa makini kutoka katika mwongozo wa taifa wa matibabu na kitabu cha kiada, ukiambatana na orodha ya maswali yanayomwonyesha mwanafunzi ni mambo gani ayashike. Video zinafaa, lakini chuo kisichokuwa na intaneti ya uhakika kisiwafanye wanafunzi wategemee mabando yao. Nakala chache zilizochapishwa na kuwekwa maktaba, au faili moja inayosambazwa kutoka simu hadi simu, hutosha. Usomaji wa kurasa 60 hauwezi kudaiwa kwa haki kutoka kwa mwanafunzi aliyetoka zamu ya usiku, na mkufunzi anayeudai huishia kufundisha upya darasani yale yale aliyotaka yasomwe.

Kupimwa mmoja mmoja, kisha kwa pamoja

Kipindi huanza kwa jaribio fupi la maswali 10 ya kuchagua, ambalo kila mwanafunzi hulifanya peke yake na kulikusanya. Papo hapo timu hupewa jaribio lile lile na kulijadili, ikitakiwa kufikia jibu moja kwa kila swali. Vyuo vyenye uwezo hutumia kadi za kukwangua, ambapo timu hukwangua kisanduku cha jibu ililolichagua na kuona mara moja kama imepata; ikikosa, hurudi kujadili na kukwangua kisanduku kingine kwa alama pungufu, kwa mfano 4 kwa mara ya kwanza, 2 kwa mara ya pili na 1 kwa mara ya tatu. Pasipo kadi, mkufunzi aandae karatasi ambayo kila jibu limefunikwa kwa kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi kidogo, na mambo yatakwenda vilevile. Jambo la maana ni kwamba timu ijue matokeo yake wakati mjadala bado una moto. Mwanafunzi mkimya aliyekuwa na jibu sahihi akazidiwa sauti na mwenye maneno mengi huonekana wazi mbele ya wenzake pale kadi inapofunguliwa, na kuanzia siku hiyo timu humuuliza maoni yake bila mkufunzi kusema neno.

Timu inayoamini kwamba swali lilikuwa na utata iruhusiwe kuandika pingamizi lenye hoja na ukurasa wa kitabu inaoutegemea, nalo likubaliwe au likataliwe kwa maandishi. Baada ya hapo mkufunzi hueleza kwa dakika chache tu yale ambayo timu nyingi zimeyakosa. Mihadhara haifutwi katika utaratibu huu; huja baada ya kujulikana ni wapi pana giza.

Lugha ya mjadala nayo inahitaji kuamuliwa mapema. Masomo ya uuguzi Tanzania na Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, huku mama aliye kitandani na ndugu zake, na mara nyingi wauguzi wenyewe kwa wenyewe, wakizungumza Kiswahili. Wanafunzi waruhusiwe kujadili kwa Kiswahili, na hoja ya mwisho iandikwe kwa lugha ya mtihani, kwa sababu mwanafunzi anayetafuta maneno hana nafasi ya kutafuta kosa katika hoja ya mwenzake.

Zoezi la kutumia maarifa

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, na hapa ndipo wakufunzi wengi huteleza kwa kuuliza swali ambalo jibu lake limo kitabuni. Zoezi zuri lina masharti manne: tatizo liwe la maana kwa muuguzi halisi, timu zote zishughulikie tatizo moja, kila timu ichague jibu moja mahususi, na majibu yote yatolewe kwa wakati mmoja, kwa mfano kwa kuinua kadi zenye herufi A, B, C au D baada ya mkufunzi kuhesabu hadi tatu. Sharti la mwisho huonekana dogo, lakini bila hilo timu ya tano kujibu itasema tu kwamba inakubaliana na waliotangulia.

Uchukuliwe mfano wa kituo cha afya usiku. Mama wa uzazi wa nne amejifungua dakika 20 zilizopita, amepewa oksitosini yuniti 10 kwenye msuli mara tu mtoto alipotoka, na kondo la nyuma limetoka lote. Sasa shuka la plastiki linaonyesha damu imepita mililita 500, mfuko wa uzazi ni mlaini, mapigo ya moyo ni 118 kwa dakika na shinikizo la damu ni 95 kwa 60. Waliopo ni wauguzi wakunga wawili na mhudumu mmoja wa afya, naye tabibu yuko nyumbani kwake nyuma ya kituo. Swali la namna ya “Taja hatua za kumhudumia mama huyu” halifai, maana kila timu itataja hatua zilezile na mjadala utakufa. Hata swali la kugawa majukumu ya dakika ya kwanza ni jepesi kwa timu iliyosoma: mkunga mmoja asugue mfuko wa uzazi na kuongoza kwa sauti, wa pili atafute mshipa na kuandaa dawa, mhudumu atumwe kumwita tabibu.

Swali linalouma ni linalofuata. Dakika mbili zimepita, mshipa umekosekana mara mbili, damu bado inatoka na tabibu hajafika. Je, timu (A) ibadilishane kazi ili aliyekuwa akisugua ajaribu mshipa, (B) itoe oksitosini yuniti 10 nyingine kwenye msuli huku mshipa ukiendelea kutafutwa, (C) itoe misoprostoli mikrogramu 800 chini ya ulimi, au (D) ianze kuandaa gari la rufaa huku mfuko wa uzazi ukisuguliwa? Kila jibu lina watu wenye akili watakaolitetea, na ndicho kinachotakiwa. Kadi zikiinuliwa na timu 7 zikawa na B, 5 zikawa na C na 4 zikawa na A, mkufunzi asitangaze jibu; aiombe timu moja ya A ieleze ni nani atakayekuwa akiongoza wakati wa kubadilishana, aiulize timu ya B ni nani anayehesabu dozi zilizokwisha kutolewa, kisha aziache timu zijibizane. Wanafunzi wataligundua wenyewe jambo ambalo muhtasari haulionyeshi: kwamba asidi traneksamiki, ambayo hutolewa gramu 1 kwenye mshipa taratibu kwa muda wa dakika 10 na ambayo inapaswa kuanza ndani ya saa 3 tangu kujifungua, inasubiri mshipa ule ule unaokosekana, na kwamba kuita msaada hakuzuii kazi nyingine yoyote kuendelea. Mkufunzi afunge mjadala kwa kusoma kile kinachoagizwa na mwongozo wa taifa unaotumika, na aeleze sababu zake.

Kutoka maneno kwenda vitendo

Uamuzi uliofikiwa mezani ujaribiwe kwenye maabara ya ujuzi siku hiyo hiyo ikiwezekana. Chuo kisicho na mwanasesere wa kuzalishia kinaweza kumlaza mwanafunzi kitandani, kuweka taulo lililokunjwa tumboni badala ya mfuko wa uzazi, na kumwaga maji yaliyotiwa rangi nyekundu polepole kwenye shuka la plastiki. Wawili wa timu wawe wakunga, mmoja mhudumu, mmoja mama, mmoja ndugu anayeuliza maswali mlangoni, na wa mwisho aandike muda wa kila tendo bila kuzungumza.

Stadi mbili za mawasiliano zitiliwe mkazo. Ya kwanza ni kurudisha agizo, yaani anayeagizwa hurudia alichosikia kabla ya kukifanya na hutangaza akimaliza. Kiongozi akisema, “Sista, asidi traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10,” mwenzake ajibu, “Gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, naanza saa 4 na dakika 12.” Agizo lililotupwa hewani bila kumtaja mtu kwa kawaida halitekelezwi na yeyote, kwani kila aliyepo hudhani limemwendea mwingine. Ya pili ni kutoa taarifa kwa mpangilio wa sehemu nne: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini ya mtoa taarifa na ombi lake. Mpangilio huu, uliochukuliwa kutoka jeshi la majini la Marekani na kuingizwa hospitalini, humsaidia muuguzi anayepiga simu usiku asianze hadithi kutoka siku ya kwanza ya kliniki ya wajawazito. Kwa mama wa mfano huu taarifa ingekuwa hivi: “Daktari, mama anatokwa na damu, imepita mililita 500 na mapigo ni 118. Amejifungua dakika 20 zilizopita, uzazi wa nne, kondo limetoka lote. Naona mfuko wa uzazi haujakaza. Naomba uje sasa hivi.” Wanafunzi wengi huzitoa vizuri sehemu tatu za mwanzo na kumeza ya nne, wakiona kumwomba mkubwa jambo bayana ni utovu wa adabu.

Woga huo unastahili kipindi kizima. Kumkosoa aliyekuzidi cheo au umri ni jambo zito katika jamii za Afrika Mashariki, na mkufunzi anayewaambia wanafunzi wauache tu woga huo ataungwa mkono darasani na kupuuzwa wodini. Njia yenye mafanikio ni kuwaonyesha kwamba heshima hukaa katika namna ya kumwita mtu na katika sauti, wakati ujumbe wenyewe unaweza kubaki mnyoofu. “Samahani Daktari, nina wasiwasi, kadi yake inaonyesha ana mzio wa penisilini” ni sentensi yenye adabu kamili, nayo haiachi nafasi ya kutoeleweka. Isiposikika mara ya kwanza irudiwe kwa uwazi zaidi, na ikipuuzwa mara ya pili aitwe msimamizi wa wodi. Sentensi za namna hii zitamkwe kwa sauti, na kila mwanafunzi, huku mkufunzi akiigiza mkubwa mwenye haraka na hasira kidogo, kwa sababu mdomo ambao haujawahi kuzitamka maabara hautazipata usiku wa zamu. Pale chuo kinapofundisha pia maofisa tabibu, vipindi viwili au vitatu kwa muhula vifanywe kwa pamoja, ili anayejifunza kutoa agizo akae karibu na anayejifunza kulihoji. Shirika la Afya Duniani, katika mfumo wake wa mwaka 2010, lilitaka wanafunzi wa fani mbalimbali wajifunze pamoja, mmoja kutoka kwa mwingine.

Baada ya zoezi ufanyike mjadala usiopungua muda wa zoezi lenyewe. Aliyeandika muda asome alichoandika bila kumlaumu mtu, kisha liulizwe swali moja lenye thamani kuliko yote: nani alijua au aliona kitu na hakukisema, na ni nini kilimzuia?

Alama, wodi na muda wa mkufunzi

Alama za jaribio la mmoja mmoja, jaribio la timu na mazoezi ziingizwe katika tathmini endelevu kwa uwiano uliotangazwa tangu wiki ya kwanza, na sehemu ya mtu binafsi iwe kubwa kiasi kwamba asiyesoma asibebwe hadi mwisho. Kutathminiana ndani ya timu kunahitaji uangalifu. Wanafunzi wanaolala bweni moja hupeana alama sawa ili kulinda urafiki, hivyo katikati ya muhula kila mmoja aandike tu, bila alama, jambo moja ambalo mwenzake huisaidia nalo timu na jambo moja analopaswa kubadilisha. Tathmini yenye alama ije mwishoni, nayo iwe ya siri.

Wodini timu igawanywe wawili wawili na kupewa wagonjwa wachache chini ya muuguzi mwenye usajili, ambaye jukumu la kisheria hubaki kwake. Makabidhiano ya zamu yafanyike kando ya kitanda, mwanafunzi wa zamu inayotoka akitoa taarifa kwa sehemu zile nne na wa zamu inayoingia akirudia mambo yanayosubiri kutekelezwa. Mkufunzi akutane kwanza na msimamizi wa wodi na kumweleza kinachofundishwa, la sivyo mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza ataonekana mjuaji, na atajifunza upya kunyamaza.

Kuandaa zoezi moja zuri huchukua muda mrefu kuliko kuandaa muhadhara, kwa hiyo anayeanza asiguse muhtasari mzima. Mada mbili au tatu ambazo wanafunzi hufeli kila mwaka zinatosha kwa muhula wa kwanza. Mazoezi yahifadhiwe katika faili moja la idara, kila moja likiwa na tarehe, mwongozo wa tiba uliotumika na majibu ambayo timu zilichagua, na wakufunzi wa vyuo jirani wabadilishane. Kabla ya zoezi la zamani kurudishwa darasani, kila dozi na kila kiwango cha kipimo kilichomo kihakikiwe upya dhidi ya mwongozo wa taifa wa mwaka huo.